Kidole cha Bi Mwanaima

Nanyati, kwa Posta ya Kilwa Kivinje
14 Juni 1954

Dada yangu Martina,

Tumsifu Yezu Kristu, na shikamoo.

Unisamehe kwanza kwa kukaa kimya. Barua yako ya Pasaka iko chini ya mto wangu tangu ilipofika, na kila siku nasema leo nitajibu. Mvua ilifunga njia mpaka juzi, hiyo ni kweli, ila siyo kweli yote. Nikishika kalamu Modesti analia. Nikimbembeleza, ndege wako kwenye mpunga. Nikirudi kutoka kufukuza ndege, jua limekwisha na mkono hautaki tena kuandika. Nimechoka, dada. Hata nikilala naamka nimechoka vilevile.

Huku hatujambo. Mama anakusalimu, mguu umepoa lakini kilima cha kisimani hakiwezi tena. Nikodemo anakusalimu. Modesti anatembea na ameng'ata sikio la mbuzi wa jirani, tukaitwa kuomba radhi. Mtoto wako aliyezikwa huko Lindi namwombea kila Jumapili, ingawa hukupata kunieleza siku ile ya kumzaa ilikwendaje.

Sasa shida yangu. Wifi yangu Brigita, yule mdogo wake Nikodemo aliyekuwa akikushikia mkoba ulipokuja, ana mimba yake ya kwanza na imeingia mwezi wa saba. Mumewe, Tomaso, yuko huko kwenu kwenye mashamba ya mkonge. Mimi nataka azalie kwenye ile nyumba ya uzazi mpya ya njia panda. Unajua mimi nilipomzaa Modesti damu ilivyokataa kukatika, Bi Mwanaima akanikanda tumbo tangu asubuhi mpaka adhuhuri huku mama akiuma kanga yake. Nasikia nesi wa pale ana sindano ya kukata damu. Nimemshawishi mama mkwe majuma matatu. Mwisho akasema, "Haya, msomi, mpeleke. Lakini Bi Mwanaima aingie naye. Bila somo wake nani atamsemea?"

Hapo ndipo penye ugumu. Nesi anasema ndani haingii mtu ila mzazi, na amri hiyo imetoka Lindi. Wewe unafanya kazi chini ya Bibi Nesi Mkubwa anayekagua nyumba hizi. Muulize kama somo anaweza kuingia, yeye peke yake, kwa mimba ya kwanza tu. Bi Mwanaima ndiye somo aliyemweka Brigita ndani alipovunja ungo, kama alivyoniweka mimi na kama alivyokuweka wewe. Sina haja ya kukueleza.

Na mimi nadhani nina kitu tumboni. Usimwambie mtu bado.

Mdogo wako,
Yustina

*

Mtanda, Lindi
20 Julai 1954

Mdogo wangu Yustina,

Milele amina, na marahaba. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Huku Mtanda tu wazima. Shemeji yako amepata kazi bandarini, na nimenunua cherehani ya mkono. Mbuzi mpeni pole.

Kuhusu Brigita, umefanya vizuri kumshawishi mama mkwe na nisingependa urudi nyuma. Lakini habari ya somo iache. Tumekwisha kuona mengi hapa wodini. Bibi hawa huingia na mikono ya shambani, huleta majani, humlazimisha mzazi kusukuma kabla ya wakati. Ukimruhusu mmoja kesho wako kumi mlangoni. Nesi wa njia panda amesoma miaka mitatu na anajua la kuuliza. Mwambie Brigita ajibu tu anayoulizwa.

Ukienda chukua barua hii, umwonyeshe nesi kuwa wewe ni mdogo wangu. Atakupokea vizuri.

Na wewe uende kupimwa mapema. Usingoje.

Dada yako,
Martina

*

Mtanda, Lindi
25 Septemba 1954

Mdogo wangu,

Sijapata neno lako mwezi wa pili huu. Bakary wa lori alipita hapa, nikamwuliza habari za Nanyati, akasema hajui kitu, kisha akawa anakaza kamba za mzigo ambazo zilikuwa zimekazwa. Brigita amejifungua? Amepata nini? Nimeshona kofia mbili, za rangi zote mbili.

Tomaso naye alikuja kuuliza.

Andika hata mstari mmoja.

Martina

*

Nanyati
12 Oktoba 1954

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Modesti hajambo. Tumevuna mpunga, mwaka huu si mbaya. Nikodemo hajambo, ila hasemi sana.

Brigita hatunaye. Yeye na mtoto, tarehe kumi na tisa mwezi wa nane. Tomaso amekwisha kuambiwa na kaka yake, kwa hiyo kofia hizo usimwonyeshe.

Nilianza barua hii mara nne nikaishia hapo kwenye mpunga. Leo nitaandika yote, halafu sitaandika tena habari hii.

Alianza alfajiri. Hakusema, unajua hakusema. Alimfuata Bi Mwanaima nyumbani kwake akaketi kando yake na kumshika kidole gumba. Bi Mwanaima akaja naye akasema, "Twendeni." Wanaume wakambeba kwenye kitanda cha kamba, Bi Mwanaima anatembea pembeni, mkono wake umelala kitandani, na Brigita amekishika kile kidole. Njia nzima nilikuwa nyuma yao. Kila Brigita alipokibana niliona bega la Bi Mwanaima linashuka kidogo, na mdomo wake ukihesabu. Alisema kwa wale wabebaji, "Kazeni mwendo, baba zangu, huyu mtoto hakukaa vizuri." Mmoja akamtania, "Bibi, umemwona kwa tundu gani?" Akajibu, "Kwa lile ulilotokea wewe." Wakacheka, na Brigita naye akacheka. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichosikia.

Tulifika saa nne asubuhi. Nesi alitupokea vizuri, sitamsema vibaya. Nilimpa barua yako akaisoma, akanirudishia, akasema, "Kumbe ninyi ni watu wa Martina. Karibuni." Bi Mwanaima akaambiwa akae nje ya ua. Akakivuta kidole chake polepole, Brigita akakiachia, na yule bibi akaketi chini palepale penye jua. Mimi niliruhusiwa mpaka mlangoni.

Nesi akamwuliza Brigita, "Uchungu umeanza lini?" Brigita akatazama ukuta. "Maji yamevunjika?" Akatazama ukuta. "Unaumwa wapi? Nionyeshe." Hata jicho halikucheza. Nesi si mtu wa huku, dada. Katoka bara, kwao mwanamke akishikwa na uchungu analia mpaka wanamsikia ng'ambo ya mto. Akamgusa tumbo kidogo, tumbo wakati huo limelegea, akasema, "Huyu bado kabisa. Hana hata jasho." Akamweka kwenye benchi angoje.

Bi Mwanaima akapaza sauti kutoka nje, "Niulizeni mimi! Amenibana mara kumi na mbili toka mtoni!" Nesi akatabasamu, si kwa ubaya, akasema, "Bibi, hapa tunatumia saa, hatutumii vidole."

Halafu akanigeukia mimi. Sikia hili vizuri, maana hata Nikodemo hajui. Aliniuliza, "Wewe ni wifi yake na umesoma. Niambie, uchungu umeanza?"

Nikasema, "Sijui."

Nilijua. Nilikuwa nimehesabu pamoja na Bi Mwanaima njia nzima. Lakini tulivyofundishwa ni vipi? Uchungu wa mzazi hausemwi na mwenyewe, hausemwi na ndugu wa mume, unasemwa na somo. Wifi akiutaja anamfungia mtoto njia. Neno lilinijia mpaka kwenye meno nikalimeza. Na niliona haya pia. Nilikuwa nimesimama pale na barua yako mkononi, nimeambiwa nimesoma, nikaona nikisema mambo ya vidole nitakuwa kama bibi wa porini.

Alikaa kwenye lile benchi mpaka saa tisa alasiri. Nesi alikuwa na mzazi mwingine ndani, aliyekuwa akilia, akamshughulikia huyo. Kila alipopita alimwuliza Brigita, "Vipi?" naye kimya. Saa tisa nikaona damu chini ya benchi. Nesi akapiga ukelele ambao Brigita hakuupiga. Mtoto alikuwa amelala kingamo. Lori lilikuwa limekwenda Kivinje. Hakufika hata hiyo jioni.

Tulipomwosha niliona kidole gumba chake cha kulia. Kilikuwa kimeng'atwa mpaka mfupa. Hakuwa na kidole cha mtu mwingine.

Nesi alilia sana. Kisha akafungua daftari lake kubwa akaandika, nikasoma juu ya bega lake: Alichelewa kuletwa.

Mama mkwe hanisemeshi. Nikimpa maji anamwambia Modesti, "Mwambie mama yako msomi aweke hapo." Wanawake wa Nanyati wameapa hakuna atakayekwenda tena njia panda, hata kupimwa.

Mimi mimba yangu ina miezi sita. Naogopa damu, dada. Ile ya Modesti naiona kila nikifumba macho. Sindano iko pale pale, maili sita, na mimi siwezi kuketi kwenye benchi lile nikanyamaze peke yangu. Nimejaribu. Nimesimama shambani mahali pasipo mtu nikajaribu kusema kwa sauti, "Uchungu umeanza." Maneno hayatoki. Natoa jasho tu.

Nakuuliza tena yale ya mwezi wa sita. Somo aingie. Nijibu hilo.

Yustina

*

Mtanda, Lindi
30 Oktoba 1954

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Poleni sana, sana. Mungu amlaze Brigita mahali pema, na mtoto. Nimetoa misa. Waambie mama mkwe na Nikodemo kuwa tuko pamoja nao katika msiba. Shemeji yako anatoa pole. Huku joto limeanza. Cherehani imevunjika sindano na fundi yuko Mtwara.

Taarifa ya njia panda ilifika hapa mwezi wa tisa, haikuandikwa jina, imeandikwa tu mimba ya kwanza, mtoto kingamo, alichelewa kuletwa. Sikujua kuwa ni yeye. Sasa imekwisha kufungwa, na nadhani tuiache hivyo. Nesi yule bado kijana, ana kazi yake.

Na wewe usijilaumu. Mtoto akilala kingamo hata hapa Lindi tunapoteza.

[hapa mstari mmoja umekatwa kwa wino]

Nimefikiri habari yako. Njoo Lindi. Panda lori la Bakary mwezi ujao kabla vuli haijakolea, uje ukae kwangu mpaka siku yako. Nitakuwa wodini mwenyewe, nitahakikisha sindano ipo. Hutahitaji mtu mwingine yeyote.

Nimekutumia wembe mpya kwenye karatasi yake, usiufungue, na sabuni mbili za dawa.

Nakusubiri.

Dada yako,
Martina

*

Nanyati
28 Novemba 1954

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe ishirini na nne, siku ishirini na tano njiani, na karatasi imelowa pembeni. Wembe na sabuni vimefika vizuri, ahsante. Mama anakusalimu, na amenituma nikwambie kuwa kisima cha chini kimejaa kwa hiyo mguu umepumzika. Modesti amejifunza jina lako, analiita "Tina". Nikodemo ndiye anayechota maji sasa, watu wanamcheka, yeye anachota tu.

Kuja Lindi siwezi. Mto umekwisha kupanda, na Bakary anasema lori lake halitavuka mpaka mwaka mpya. Hata lingevuka, Modesti nimwache na nani? Mama mkwe hamshiki mtoto wangu kwa mikono miwili siku hizi. Na tumbo hili kwenye njia ile, dada, ningezaa juu ya magunia ya korosho.

Tena hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta neno "somo", halimo. Umeandika cherehani, umeandika joto.

Ule mstari uliokata nimeushika juani. Wino wako ni mwepesi. Umeandika: "Na mimi siku ile sikusema."

Nimekaa nao siku mbili. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa mtoto wako. Wewe mwenyewe, umevaa sare yako nyeupe, umelala kitanda kile kile unachowalaza wengine, wenzako wanakuuliza, nawe unatazama ukuta. Ungeniambia, dada. Si kwa kunilaumu wala kukulaumu. Ungeniambia mwezi wa saba, badala ya kuandika "ajibu tu anayoulizwa". Ulijua hatajibu. Mimi nilijua nikiwa mlangoni, wewe ulijua ukiwa Lindi, na Bi Mwanaima alipiga kelele nje ya ua asisikilizwe. Wanawake watatu tuliojua, na mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo, naye ndiye aliyezuiwa kuingia.

Kwa hiyo sitaki tuiache hivyo. Kwenye taarifa ile mwambie Bibi Nesi Mkubwa afute "alichelewa kuletwa". Brigita aliwahi. Alikuwa pale tangu saa nne.

Juzi nilikwenda kwa Bi Mwanaima. Tangu msiba hajamzalisha mtu, anakaa anasuka ukili tu. Nilimwuliza kama angekubali kwenda nami njia panda. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Kwani mimi nimekataa sindano lini? Mwambie dada yako nitanawa mpaka viwiko kwa hiyo sabuni yake. Nitavaa koti lao. Nitakaa kichwani pa mzazi, sitagusa chini, majani sileti. Nataka kidole changu kiwemo ndani, basi. Mengine yote wafanye wao." Halafu akaongeza, "Na mwambie Martina alikuwa na kiganja kidogo kuliko ninyi wote, lakini alikuwa akibana kweli."

Nikatoka hapo nikaenda kwa nesi. Ndiyo, nilikwenda kwa miguu, usinigombeze. Amekonda. Nikamweleza habari ya kidole yote, ya kutazama ukuta, ya wifi kutosema. Ilinichukua muda mrefu na nilikuwa nimeinamia chini, lakini kwa kuwa si uchungu wangu wa siku ile, maneno yalitoka. Alisikiliza. Akaniuliza, "Kwa nini hamkuniambia?" Nikamrudia lile nililokwisha kumwambia. Akasema yeye angemruhusu Bi Mwanaima hata leo, lakini amekwisha kupata onyo moja, na bila karatasi kutoka Lindi atafukuzwa, na akifukuzwa mlango utafungwa kabisa.

Basi ni karatasi tu. Kitu cha mistari mitatu kimesimama kati yangu na sindano. Nalicheka jambo hili wakati mwingine nikiwa peke yangu, kicheko kibaya.

Siku zangu nahesabu ni katikati ya Januari, kama siku kumi baada ya Epifania. Barua hii itachukua siku ishirini na tano kukufikia, na majibu yako siku ishirini na tano kurudi, kama mto utakubali. Hesabu mwenyewe. Mimi nimekwisha kuhesabu, na kila nikihesabu natoka mahali palepale.

Karatasi isipofika nitazalia hapa ndani, Bi Mwanaima na mimi, kama kwa Modesti. Nesi amesema bila karatasi hawezi kutoka na sindano kuileta kijijini pia. Nikodemo nimemwambia yote sasa, hata ile "sijui" niliyoisema mlangoni. Akaenda kuchota maji, ingawa mitungi ilikuwa imejaa.

Sikuandikii ili ulie. Ukilia, lia baada ya kwenda kwa Bibi Nesi Mkubwa. Nenda siku hiyo hiyo utakapoisoma barua hii, kabla hujavua sare. Mweleze habari ya mtoto wako kwa mdomo wako. Najua ninachokuomba. Ni kile kile ambacho mimi sikuweza pale mlangoni. Lakini wewe ni mkubwa wangu, na mtu wa kuniombea huko sina mwingine.

Vitu ninavyohitaji bado ni hivi:

Karatasi yenye muhuri, iandikwe kuwa Bi Mwanaima binti Kondo wa Nanyati anaruhusiwa kuingia na mzazi Yustina na kukaa kichwani. Andika na "wazazi wa mimba ya kwanza", kwa ajili ya watakaonifuata.

Vidonge vya kukata damu, kama vipo vya kumeza, na uandike kwa herufi kubwa vingapi na wakati gani, maana atakayesoma siku hiyo ni Nikodemo.

Uzi mweupe mzito wa kufungia kitovu.

Kofia moja kati ya zile mbili. Yoyote.

Bafta nyeupe, yadi nane. Usiikate wala usiipinde. Itakatwa huku, ikishajulikana ni ya nepi au ni ya sanda.

Mdogo wako,
Yustina